Injini Nzima Niliyoihukumu

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, gari dogo jekundu la milango miwili liliingia gereji yetu hapa Karatu, limejaa vumbi la Mang'ola mpaka kwenye vioo. Muda huo niliuandika. Kila gari lililofika mikononi mwangu nililiandikia muda, kilomita, na malalamiko ya mwenye gari kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu mteja akishaongea na mafundi watatu, malalamiko yake huwa si yake tena. Ya siku ile yalikuwa mafupi: "Dar lilikuwa linaruka. Huku linaburuta miguu."

Nimestaafu mwezi uliopita, nikiwa na miaka hamsini na sita na mgongo wa mtu wa themanini. Mlinifanyia chakula, mkanipa shuka na maneno mazuri, na nyinyi vijana mnaobaki mkaniomba niandike niliyoyaona kazini, "hasa zile kesi ngumu." Kesi nilizoziweza mnazijua zote, nimewasimulia kila mvua iliponyesha tukakosa kazi. Hii ya gari jekundu sikuwasimulia. Wachache mliokuwepo mliona nusu yake tu, isipokuwa mmoja ambaye aliona yote. Ninaiandika kwa mpangilio, kuanzia nilikojifunza, ili msije mkadhani nilikosea kwa kutojua.

Nilianza kazi nikiwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Buger na begi lenye nguo mbili. Aliyenipokea ni Fundi Gwandu, mtu mfupi wa Mbulu, ambaye sasa ni marehemu. Siku ya kwanza alinipa debe la nati zilizochanganyika, akaniambia nizioshe kwa dizeli kisha nizipange kwa ukubwa bila kuzitazama. Nilidhani ananitania. Nilikaa nimefumba macho mbele ya watu, na jioni alipokagua alikuta namba kumi na mbili zimelala pamoja na kumi na tatu. "Kesho tena," akasema. Ilikuwa kesho tena kwa wiki tatu. Mpaka nastaafu, mkono wangu ulijua spana gani inatakiwa kabla kichwa hakijauliza.

Gwandu hakuwa na geji ya aina yoyote. Kupima nguvu ya silinda alitoa plagi, akaziba tundu kwa kidole gumba, mimi nikapiga stata, naye akasikiliza kidole kinavyosukumwa. Alipima ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha akarudia ya kwanza. "Hazishindani na mtu mwingine," alisema. "Zinashindana zenyewe kwa zenyewe. Inayobaki nyuma ndiyo mgonjwa." Magari ya kabureta yaliyotoka pwani aliyabadilishia jeti, akaweka zenye tundu dogo zaidi, kwa sababu hewa ya huku juu ni haba, na petroli ikiendelea kuingia kwa kipimo cha Dar gari linasongwa. Kazi hiyo ya jeti nimeifanya kwa mikono yangu mara nyingi kiasi kwamba siwezi kuhesabu.

Tena alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuvunja. Injini aliyosema imekufa haikubadilishwa mpaka ifunguliwe mbele ya mwenyewe. Kichwa kilivuliwa, mwenye gari akaitwa, akaingiza kidole chake mwenyewe ndani ya silinda na kugusa ngazi ya uchakavu iliyochimbwa na ringi za pistoni. Watu walikuja na wake zao. Ilifanana na kwenda kutambua maiti, na kama ilivyo kwenye maiti, hakuna aliyebisha baada ya hapo.

Gwandu alipofariki nilibaki na mikono yake bila masikio yake, nikaona nijaze pengo kwa vitabu. Sikusoma sekondari. Nilianza na kitabu kimoja cha Kiingereza cha ufundi kilichoachwa na kampuni ya watalii, kamusi upande wa kushoto, kalamu upande wa kulia, ukurasa mmoja kwa siku. Mwaka wa tatu nilikuwa nasoma kurasa nne. Nikanunua geji mbili za kompresheni, moja ya dizeli na moja ya petroli, nikazitengenezea kisanduku chenye kitambaa ndani. Ya petroli ilikaa tu, kwa kuwa kazi yetu kubwa ni magari ya wageni, nayo karibu yote ni dizeli. Kwenye dizeli niliendelea kulinganisha silinda zenyewe kwa zenyewe kama Gwandu, na sikukosea. Sikujua kwamba kilichoniokoa ni Gwandu. Nilidhani ni geji.

Miaka hiyo ilikuwa mizuri. Nilitengeneza magari kwenye ukingo wa kreta huku wageni wakinipiga picha kana kwamba mimi pia nimo kwenye tiketi yao. Nakumbuka safari moja ya Malambo, gari limemeza vumbi kwa sababu dereva alifunga chujio la hewa lililochanika na kulishona kwa uzi wa gunia. Nilifungua injini chini ya turubai, siku mbili. Mzee mmoja mfugaji alikuja kila asubuhi kuniangalia. Siku ya pili akaniuliza lile gari linakunywa kiasi gani kwa siku. Nilipomwambia, akatikisa kichwa kwa huruma. "Na likifa haliliwi," akasema, akaondoka na ng'ombe wake.

Sasa gari jekundu.

Mwenye gari aliitwa Paskali Akonaay, mfanyabiashara wa vitunguu wa Mang'ola, hajafika arobaini. Alianza kwa kubeba magunia kwenye malori, akawa ananunua gunia mbili tatu za kwake, na wakati huo alikuwa amefikia kukodi ekari sita kando ya mfereji, msimu baada ya msimu. Gari la michezo hakulihitaji, na alilijua hilo. "Wengine wanaoa mke wa pili," alituambia. "Mimi nimeoa hili." Alilinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, akaliendesha mwenyewe mpaka huku, na anasema kuanzia Chalinze mpaka Moshi alikuwa anacheka peke yake. Kicheko kiliisha kwenye mlima wa Mto wa Mbu. Alipolipandisha mpaka getini Ngorongoro, basi la wanafunzi lilimpita.

"Shikamoo, fundi. Nipe ukweli," aliniambia. "Vijana wa kwenye simu wanasema mambo mawili. Wengine wanasema toa hii injini, weka kubwa ya silinda sita. Wengine wanasema acha hii hii, iongezee turbo. Mimi sijui. Nina milioni saba. Ikizidi hapo nagusa hela ya shamba, na mwenye shamba anataka chake kabla ya mwisho wa mwezi. Nikichelewa siku moja, kuna watu watano wamekaa mlangoni kwake."

"Marahaba. Kwanza tuipime," nikamwambia. "Kubahatisha ni kazi ya wale vijana wa kwenye simu."

Niliipasha injini moto, nikatoa plagi zote nne, nikafunga geji ya petroli. Ya kwanza ilisoma paundi mia moja arobaini na sita. Ya pili arobaini na saba. Ya tatu arobaini na tano. Ya nne arobaini na sita. Kwa Gwandu kazi ingekuwa imeisha: silinda nne zinatembea pamoja kama ndugu, hakuna mgonjwa. Mimi nilifungua kitabu. Kitabu kilisema injini hiyo ikiwa nzuri inasoma mia moja sabini na tano, na ikishuka chini ya mia moja hamsini imechoka. Nikaweka rula chini ya mstari huo, nikamwita Paskali aone.

"Imechoka," nikasema. "Zote nne zimechoka kwa pamoja. Hiyo ni injini iliyotumika vibaya na mtu mmoja kwa muda mrefu."

Upendo alikuwa nyuma yangu akifunga waya za taa za gari lingine. Wengi wenu mnamjua kama fundi mkuu wa sasa. Wakati huo alikuwa na mwaka wa pili kwetu, fundi umeme, ametoka chuoni.

"Fundi," akasema, "samahani. Hiyo sabini na tano si ya usawa wa bahari? Sisi tuko juu. Injini inavuta hewa nyepesi, haiwezi kusukuma sawa na Dar."

"Upendo," nikamjibu, na niliinua sauti ili wote wasikie, "unataka kuniambia silinda inajua kwamba iko Karatu?"

Gereji nzima ilicheka. Paskali naye alicheka. Kuna mtu akasema labda silinda imeona kibao cha barabarani. Upendo hakucheka.

"Mimi ningemwekea turbo ndogo," akasema taratibu. "Irudishe ile hewa iliyopungua tu, basi. Injini ibaki hii hii."

"Turbo kwenye injini iliyochoka ni kumpa mgonjwa wa moyo mbio za mita mia. Endelea na taa zako."

Hoja yangu ilikuwa sahihi kabisa, kama injini ingekuwa imechoka. Nilikua bila shule ya maana na nilikuwa nimeijenga yangu ukurasa kwa ukurasa. Binti mwenye cheti hakutakiwa kunisahihisha mbele ya mteja. Hilo nalisema sasa. Wakati ule nililiita uzoefu.

Paskali aliuliza swali moja la mwisho. "Kwani hamuifungui nikaona? Nimesikia hapa kwenu mnafungua."

"Ule ulikuwa utaratibu wa kabla ya geji," nikasema. "Kufungua ni kukupotezea siku mbili na gasketi."

Nilimwambia kazi yote itakuwa milioni sita na nusu, ikizidi sana saba. Akanipa mkono.

Nilikwenda Dar mwenyewe na basi, kwa sababu sikumwamini mtu mwingine kuchagua. Kule kuna yadi ambazo injini zimepangwa chini kama viazi. Nikapata silinda sita pamoja na giaboksi yake, safi, sehemu ya nusu gari lililokatwa Japani. Nilimwomba muuzaji betri, nikafunga geji yangu ileile niliyotoka nayo Karatu. Mia moja sabini na mbili, zote sita, tofauti ya paundi moja au mbili. Muuzaji aliniambia hajawahi kuona fundi kutoka bara anakuja na kisanduku chenye kitambaa. Nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa nguo.

Tulishusha injini ya zamani kwa cheni bloku, tukapandisha mpya. Haikuingia kirahisi. Ilikuwa ndefu, ikabidi kukata na kuchomelea vishikio vipya, ikabidi shafti ifupishwe. Nilikuwa nimekadiria siku nne, zikawa kumi na moja. Ijumaa ya wiki ya pili ilikuwa imekaa mahali pake. Kilichobaki kilikuwa waya, kompyuta yake, radieta kubwa zaidi, oili, na malipo yetu. Kabla Upendo hajaanza waya nilisema niipime, niandike namba ya kuanzia, kama ninavyofanya kila mara. Tulivuta umeme wa stata moja kwa moja kutoka kwenye betri. Upendo alibonyeza, mimi nikasoma.

Mia moja arobaini na tano.

Nilibadilisha silinda. Arobaini na nne. Nikabadilisha tena. Arobaini na tano. Nilitoa geji nikaifuta, nikaangalia mpira wake, nikarudia zote sita. Injini iliyosoma sabini na mbili Dar ilikuwa imepoteza paundi ishirini na saba kwa kupanda lori na kuja Karatu.

"Fundi," akasema Upendo, "ni kama ile ya zamani."

"Nimeona."

"Kwa hiyo ile ya zamani..."

"Nimeona, Upendo. Anza waya."

Alichukua koleo lake akaanza waya, kwa sababu mimi nilikuwa mkubwa wake na yeye alikuwa na mwaka wa pili. Nilimfanya mshirika wangu bila kumuuliza. Kati ya mambo yote ya kesi hii, hilo ndilo ninalolikwepa zaidi ninapopishana naye.

Jumapili, wengine wakiwa kanisani, nilikwenda gereji peke yangu nikafungua ile injini ya zamani. Nilivua kichwa, nikafuta silinda kwa kitambaa, nikaingiza kidole. Hapakuwa na ngazi yoyote. Ile michoro myembamba ya msalaba ambayo kiwanda huichora ndani ya silinda ili ishike oili ilikuwa bado inaonekana yote, tangu juu mpaka chini. Ilikuwa injini ya mtu aliyebadilisha oili kwa tarehe. Nikafungua na kitabu, ukurasa ule ule niliouwekea rula. Chini ya jedwali, kwa herufi ndogo, palikuwa na mistari miwili inayosema namba hizo ni za usawa wa bahari, na kwamba juu milimani zipunguzwe, na namna ya kuzipunguza. Nilipiga hesabu yao. Kwa Karatu, injini nzuri kabisa ya aina ile ilitakiwa kusoma mia moja arobaini na saba.

Mtu aliyebadilisha jeti kwa miaka ishirini kwa sababu hewa ya huku ni haba, hakujua kwamba hewa ya huku ni haba.

Mpaka hapo lilikuwa kosa, na makosa nimefanya mengine. Baada ya hapo si kosa tena. Jumapili ile bado ningeweza kusimama. Paskali alikuwa ametumia milioni sita na nusu, na hela ya shamba ilikuwa haijaguswa. Ningeweza kumpigia simu, kurudisha injini yake, kuirejesha sita Dar kwa hasara ya wastani, na kumfungia turbo bila malipo. Angenitukana wiki moja. Nilikaa juu ya ndoo mpaka watu walipoanza kutoka kanisani, kisha nikafunga kile kichwa kwa gasketi mpya niliyoinunua kwa hela yangu, nikakaza nati kwa mpangilio sahihi na kwa kipimo sahihi, nikanawa mikono.

Jumatatu Paskali alileta hela ya mara ya pili, laki tano zilizobaki kwenye zile milioni saba, na milioni mbili na ushee kutoka kwenye fungu la shamba. Nilimwambia gharama zimepanda kwa sababu ya waya na radieta, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alisema mwenye shamba atamvumilia siku kumi. Hakumvumilia.

Injini ya zamani ilibaki kwetu kama chuma chakavu, ndivyo desturi ya gereji, na tulimpunguzia Paskali laki tatu kwenye hesabu. Wiki mbili baadaye fundi mmoja wa Arusha alikuja kuitazama. Aliniuliza inasomaje. Nilimwambia arobaini na sita, arobaini na saba, na kwamba kwa mwinuko wetu hiyo ni injini mpya. Nilimweleza hata ile hesabu. Alivutiwa sana. Mwenye gereji, mwajiri wetu, akaiuza milioni mbili na laki moja. Ndani ya mwezi mmoja, injini hiyohiyo nilimwambia mtu mmoja kwamba imekufa na mwingine kwamba ni nzima, na mara zote mbili nilionyesha namba zilezile.

Gari jekundu lenyewe lilipiga kelele nzuri. Mji mzima ulilijua. Silinda sita hata zikipungukiwa hewa zina nguvu kuliko nne, kwa hiyo Paskali alikuwa na furaha kwa muda. Kisha uzito wa ile injini ndefu ukaanza kuonekana kwenye pua ya gari. Kwenye kona za kushuka kutoka getini gari lilitaka kwenda moja kwa moja, tairi za mbele zikaliwa kwa miezi mitatu, na petroli ikawa inamaliza faida ya vitunguu alivyokuwa anavinunua kwa watu, maana vya kwake havikuwepo. Akaliuza. Ekari sita alichukua mtu mwingine, na aliyezichukua hakuziachia tena. Paskali akarudi kuwa dalali.

Na kila msimu aliniletea vitunguu. Mwanzoni gunia, baadaye nusu gunia. "Fundi wangu," aliwaambia watu, "huyu habahatishi, anapima." Mke wangu alivipika. Nilivila.

Juzi, wiki ya pili ya kustaafu, nilipanda gari la asubuhi nikashuka Mang'ola. Nilimkuta kwenye eneo la kupakilia, vijana wanarusha magunia kwenye lori, yeye anahesabu. Aliponiona aliinua mikono yote miwili.

"Saita!" akanisalimu kwa lugha ya kwetu. "Fundi wangu! Umestaafu halafu umekuja kututembelea? Leteni kiti, leteni na soda. Huyu ndiye aliyenifungia ile sita."

"Paskali, kaa na wewe."

"Nikae vipi na lori linasubiri? Sema tu."

"Ile injini yako ya kwanza haikuwa imekufa."

Alicheka. "Ipi?"

"Ile ya silinda nne. Ilikuwa nzima. Niliisoma vibaya. Upendo aliniambia mbele yako nikamcheka."

Mkono wake wa kuhesabu ukabaki hewani. Kijana wa kwenye lori aliuliza ngapi, naye akamwambia asubiri.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Ijumaa tulipoifunga sita. Kabla ya waya."

"Kabla ya waya."

"Ndiyo."

"Kabla sijakuletea ile hela ya pili."

"Ndiyo."

"Nilikuletea mkononi, fundi. Ukaniambia niihesabu mbele yako, ili tusije tukakosana."

Soda ilifika, aliyeileta akaifungua akaniwekea miguuni, nikaiacha hapo. Paskali alikaa juu ya gunia, akakitazama kizibo cha soda kilichoanguka chini.

"Ningekuwa na miaka mingapi kwenye lile shamba sasa?" akasema, ila hakuniuliza mimi. Halafu: "Umekuja kusema, au umekuja kulipa?"

"Kusema kwanza. Kulipa nitalipa kidogo kidogo. Nina ng'ombe wawili Buger na akiba isiyo kubwa. Hesabu nimeileta." Nilimpa karatasi. "Ulilipa jumla milioni tisa, laki sita na elfu sitini na tano, baada ya kutoa ile laki tatu ya chuma chakavu. Turbo kwenye injini yako, na kazi yake yote, ingekuwa milioni tatu, laki moja na elfu hamsini. Tofauti ni milioni sita, laki tano na elfu kumi na tano."

Aliisoma mpaka chini, kila mstari, kwa kidole.

"Shamba liko wapi?"

"Sikuliweka. Sikujua namna ya kulihesabu."

"Unapima kila kitu, ukaacha shamba." Hakusema kwa hasira, ndiyo maana ilikuwa vigumu kukaa pale. "Mimi najua. Msimu ule aliyelichukua alinipa mimi kazi ya kumtafutia lori. Niliyapanga yale magunia kwa mikono yangu, nikamsainia. Alipotoa mbegu, mbolea, vibarua na kodi, alibaki na milioni nne na laki mbili. Aliniambia mwenyewe, anashangilia."

"Msimu mmoja tu?"

"Wa kwanza tu. Mingine siwezi kukudai, labda mvua ingenipiga, labda ningeugua. Ule wa kwanza nauona mpaka leo."

Akatoa simu, akafungua kikokotoo, akaandika namba yangu, akaandika na yake. Vijana wa kwenye lori walikuwa wameacha kazi wanatutazama. Akanigeuzia kioo nisome mwenyewe, kwa sauti, ili wote wasikie: shilingi milioni kumi, laki saba na elfu kumi na tano.